Uteuzi wa timu ya taifa ya raga uanzie safu ya mbele

Jumamosi moja mwaka jana nilisimama pembeni ya kiwanja kimoja hapa Tanga nikiwa na saa ya kupimia mbio shingoni na karatasi ya majina mkononi, na katika muda wa saa tatu mimi na walimu wenzangu wawili tukaamua ni vijana gani wa ukanda wetu waende kwenye mchujo wa timu ya taifa ya raga na ni wepi warudi nyumbani. Walikuja vijana 27. Tulitakiwa tupeleke majina sita, na tulipomaliza kujumlisha alama tulikuwa na mawinga wanne, fulubeki mmoja, yaani mlinzi wa nyuma kabisa, na flanka mmoja, yaani mtu wa ubavuni mwa kundi la mbele. Katika wote sita hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuingiza kichwa chake kwenye skramu ya kweli, ule msukumano wa wanane kwa wanane wa kugombea mpira. Siku ile niliondoka kiwanjani nimeridhika. Imenichukua muda kukiri kwamba tulikosea, na kwa kuwa nimeombwa tena kushiriki kazi hiyo, nimeona niandike kile ninachokiamini sasa kuhusu namna ya kuteua wachezaji wa timu ya taifa, hasa katika nchi kama yetu ambako raga bado ni mchezo wa watu wachache.

Mji wetu ni mji wa soka. Mtoto wa Ngamiani huyajua majina ya wachezaji wa Coastal Union kabla hajamaliza kujua barabara za mtaa wake, na mchezaji mgeni akifika mazoezini swali la kwanza analoulizwa ni kwamba anacheza namba ngapi. Swali hilo ni zuri, na nathubutu kusema linafaa zaidi kwenye raga kuliko kwenye soka, kwa sababu katika raga ya wachezaji 15 namba iliyo mgongoni bado inaeleza kazi ya mtu. Namba 1 na 3 ni mapropu, na katikati yao yupo namba 2, huka, anayeuvuta mpira kwa mguu ndani ya skramu na kuurusha mpira unapotoka pembeni. Hawa watatu ndio safu ya mbele. 4 na 5 ni maloku. 6, 7 na 8 hukamilisha kundi la mbele. Kuanzia 9 hadi 15 ni watu wa nyuma, wanaopokea mpira uliopatikana kwa jasho la wenzao na kuukimbiza. Kocha wa soka anaweza kumtoa winga akamfanya beki wa pembeni, na ubaya mkubwa utakaotokea ni kufungwa goli. Ukimtoa winga wa raga ukamwingiza kwenye safu ya mbele bila kumfundisha, unahatarisha shingo yake.

Turudi kwenye ile Jumamosi. Kipimo cha kwanza kilikuwa mbio za mita 40, cha pili kuruka juu, cha tatu kudaka na kupasia mpira huku mtu anakimbia, na mwisho tulicheza mechi ya dakika ishirini bila kukabana, kwa kuwa tuliogopa mtu asiumie. Sasa mtazame aliyeng'ara katika vipimo hivyo. Ni yule kijana mwepesi aliyekulia kukimbia kwenye mchanga wa ufukweni, ambaye hapa kwetu hana uhaba. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya vile vinne kilichouliza nani anaweza kubeba uzito wa watu watano wanaomsukuma kutoka nyuma na wengine wanane wanaomsukuma kutoka mbele, mgongo wake ukabaki umenyooka. Tulipima wepesi, tukapata watu wepesi.

Miongoni mwa walioachwa alikuwapo kijana mmoja aliyefika amechelewa, ndala zake zina magamba ya samaki yaliyokauka. Alinisalimia, "Shikamoo, mwalimu," akaomba radhi kwamba alikuwa kazini tangu usiku, akavua fulana na kuingia mstarini. Katika mbio alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mbele ya jina lake niliandika neno moja, "mzito," kisha nikapiga mstari. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Miezi miwili baadaye nilikwenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi mapema kununua changu, nikamkuta. Mashua moja ilikuwa imekwama kwenye mchanga maji yakijaa polepole, na watu kama wanane walikuwa wanataka kuishua. Kijana yule alikuwa nyuma kabisa, kwenye tezi. Alishusha nyonga mpaka zikawa usawa wa mabega, akaweka bega la kulia kwenye ubao, akapanga miguu nyuma, mmoja mbele kidogo ya mwenzake, vidole vimezama mchangani, shingo ikifuata mstari wa mgongo bila kuinama wala kuinuka. Wenzake walikuwa wanasukuma kila mtu kwa wakati wake na mashua haikutikisika. Akawaambia wasubiri. Likaja wimbi la kwanza akaliacha lipite, likaja la pili akaliacha, na lilipofika la tatu na kuinua tezi kidogo akatoa sauti moja fupi, wote wakasukuma kwa pamoja, mashua ikaelea. Niliduwaa na kikapu changu mkononi. Nimesoma na kufundisha skramu kwa miaka kadhaa, nimechora michoro ubaoni, na sikuwahi kuiona imefanywa vizuri namna ile na mtu ambaye hakujua kuwa anaifanya.

Nieleze kidogo kwa wasioifuatilia raga kwa nini tukio lile lilinigusa hivyo. Skramu ni mahali ambapo wachezaji wanane wa kila upande hufungamana na kusukumana ili kuupata mpira. Mwamuzi huwapa amri tatu kabla hawajaanza kusukumana: wainame, washikane, kisha waingie. Ubora wa skramu hautokani na uzito peke yake. Watu wanane wenye kilo nyingi wanaosukuma kwa nyakati nane tofauti hushindwa na watu wepesi zaidi wanaosukuma kwa wakati mmoja, migongo ikiwa imelala na nguvu zote zikipita kwenye mstari mmoja. Anayeamua wakati huo, na anayekaa katikati mikono yake imewashika mapropu wawili kiasi kwamba hawezi hata kujikinga uso, ni namba 2. Skramu ikiporomoka huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote, na ikisonga mbele huyo ndiye aliyewaunganisha.

Kanuni zenyewe za mchezo zinakiri uzito wa jambo hili. Timu inayoandikisha wachezaji 23 kwa mechi, yaani 15 wa kuanza na 8 wa akiba, inalazimika kuwa na watu sita waliofunzwa kucheza safu ya mbele, ili kila mmoja wa wale watatu awe na mtu wa kushika nafasi yake. Hakuna nafasi nyingine uwanjani iliyowekewa sharti la namna hiyo. Unaweza kwenda mechini bila winga wa akiba na hakuna atakayekuuliza. Timu ikiishiwa watu wa safu ya mbele, skramu zote zilizobaki huchezwa bila kusukumana, na timu yenye wachezaji 23 haimwingizi mtu badala ya yule aliyetoka na kusababisha hali hiyo, kwa hiyo humalizia mchezo ikiwa pungufu. Mteuzi ambaye hajaanza hesabu yake kwa watu hao sita atakuwa anajenga nyumba kwa kuchagua kwanza mapazia.

Mifano miwili mikubwa ninayoifahamu imetokea kwenye fainali za Kombe la Dunia, na yote miwili inahusu dakika za mwanzo. Novemba 2, 2019, kule Yokohama, England waliingia fainali dhidi ya Afrika Kusini wakipewa nafasi kubwa na watu wengi. Mchezo haujachangamka, propu wao wa kulia, Kyle Sinckler, akaumia kichwani na kutoka. Aliyeingia, Dan Cole, alikuwa mchezaji mzoefu sana, lakini alipangiwa kuja kumalizia, na badala yake alilazimika kusukuma karibu mchezo mzima mbele ya Tendai Mtawarira. Skramu ya England ikaanza kurudi nyuma, penati zikafuatana, na Handré Pollard akafunga penati sita. Trai mbili za mwishoni, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ya Makazole Mapimpi na ya Cheslin Kolbe, ndizo zinazooneshwa kila mara kwenye simu za vijana wangu, na ni trai nzuri. Lakini matokeo ya 32 kwa 12 yalipikwa kwenye skramu muda mrefu kabla mawinga hawajapata pa kukimbilia.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaonesha uteuzi ukiwa kazi ya kuchagua kati ya hatari mbili. Mwaka 2023 kila nchi iliruhusiwa kwenda Ufaransa na wachezaji 33, wawili zaidi ya ilivyokuwa 2019. Afrika Kusini walikwenda na mahuka wawili halisi, Malcolm Marx na Bongi Mbonambi. Marx akaumia goti mashindano yakiwa yameshaanza. Mtu yeyote wa kawaida angemwita huka mwingine. Wao wakamwita Pollard, flaihafu, yaani namba 10 mpigaji wa penati, aliyekuwa ameachwa mwanzoni kwa sababu alikuwa anauguza mguu, kwa hesabu kwamba kikosini walikuwa na Deon Fourie, mchezaji wa kundi la mbele wa miaka 37 aliyewahi kucheza huka katika miaka yake ya awali, ambaye angeweza kuziba pengo likitokea. Pengo likatokea mahali pabaya kuliko pote. Kwenye fainali ya Oktoba 28 dhidi ya New Zealand, Mbonambi aliumia katika dakika za mwanzo kabisa, Fourie akaingia na kucheza nafasi ile hadi mwisho, na lainiauti za Afrika Kusini, yaani mirusho ya kurudisha mpira uliotoka pembeni, zikayumba kweli. Walishinda 12 kwa 11. Pointi zote 12 zilitoka mguuni mwa Pollard.

Watu husema ilikuwa bahati, na sikatai kwamba penati ya New Zealand iliyokosa mwishoni ingeweza kupita. Hata hivyo kilichowawezesha kuchukua hatari ile ni kwamba walimjua Fourie. Hakuwa jina walilolipata kwenye vipimo vya Jumamosi moja. Aliivaa jezi ya taifa lake kwa mara ya kwanza mwaka 2022 akiwa na miaka 35, baada ya miaka mingi ya kucheza klabu, na wateuzi walijua amewahi kufanya kazi gani hata ile asiyoifanya tena. Mtu wa aina hiyo hapatikani kwa saa ya kupimia mbio. Anapatikana kwa kumtazama mara nyingi, kuwauliza waliocheza naye, na kukumbuka.

Hapo ndipo kosa letu la mwaka jana lilipolala. Sisi tulidhani kazi ya mteuzi ni kupanga watu kuanzia bora hadi dhaifu kisha kuchukua wa juu. Kumbe timu ya taifa haiundwi na wachezaji 23 bora wa nchi. Inaundwa na 23 wanaoweza kucheza pamoja na kuzibiana mapengo, na mara nyingi wa 24 kwa ubora anaingia na wa 10 kwa ubora anaachwa, kwa sababu wa 10 ni winga wa tano na wa 24 ndiye pekee anayejua kusimama namba 3. Kumi na watano wa kuanza si kazi ngumu sana. Ukiwapa makocha watano karatasi, watakubaliana majina kumi au zaidi. Ujuzi wa mteuzi unaonekana kwenye yale majina ya mwisho, ya watu wa akiba, na hasa yule mmoja anayebeba nafasi mbili au tatu.

Kuna jambo lingine linalotuchanganya sisi wa Afrika Mashariki, nalo ni mafanikio ya raga ya wachezaji saba. Mwaka 2016 Kenya ilitwaa mashindano ya Singapore kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali, Fiji hiyo hiyo iliyokwenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki Rio miezi michache baadaye, na furaha ile ilivuka mpaka hadi kwetu. Mombasa iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na vijana wa Tanga wenye kupenda raga hupanda magari hadi Horohoro, wakavuka na kwenda Mombasa kutazama mashindano ya Driftwood ya raga ya wachezaji saba. Wanarudi wanataka kucheza walichokiona: nafasi kubwa, mbio ndefu, vipindi viwili vya dakika saba. Ni mchezo mzuri na kwa nchi yenye wachezaji wachache ni mlango mzuri wa kuingilia. Lakini kiwanja ni kilekile na watu ni nusu yake, skramu ni ya watatu kwa watatu na hudumu kwa pumzi moja, kwa hiyo anayeng'ara humo hajathibitisha lolote kuhusu dakika 80 za watu 15. Ningependa kila kijana achezeshwe yote mawili kabla hajaandikwa popote, na wateuzi wa timu moja wasinakili orodha ya timu nyingine.

Suala la nani anastahili kuichezea nchi linahitaji uangalifu zaidi hapa kwetu kuliko sehemu nyingi za nchi. Kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, zinamruhusu mtu kuichezea nchi aliyozaliwa, au aliyozaliwa mmoja wa wazazi wake, au mmoja wa babu na bibi zake. Asiye na uhusiano huo lazima awe ameishi humo miezi 60 mfululizo, au miaka 10 kwa jumla katika maisha yake. Zamani ilikuwa miezi 36 tu. Tangu Januari 2022 pia, aliyekwisha kuichezea nchi moja anaweza kuhamia nyingine mara moja tu, iwapo amekaa miaka mitatu bila mechi ya kimataifa na iwapo yeye, mzazi wake, au babu au bibi yake alizaliwa kule anakohamia.

Sasa wafikirie Wadigo, ambao nusu ya ukoo iko Mkinga, upande wetu, na nusu iko Kwale, upande wa Kenya, ambao msiba ukitokea upande mmoja wa mpaka huzikwa na watu wa pande zote mbili. Upo uwezekano mkubwa kwamba kuna propu mzuri Mombasa au Ukunda ambaye bibi yake alizaliwa huku kwetu, Moa au Duga Maforoni, na ambaye hajawahi kuitwa na nchi yake ya kuzaliwa. Anastahili kuichezea Tanzania kwa kanuni zilizo wazi, na hakuna aliyemuuliza. Ugumu utakuwa kwenye karatasi, kwa kuwa bibi wa umri ule mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, na viapo na uthibitisho wa wazee huchukua miezi. Kazi hiyo haiwezi kuanza wiki mbili kabla ya mechi. Mtawarira niliyemtaja alizaliwa Harare, akacheza mechi 117 za kimataifa akiwa propu wa Afrika Kusini, na Zimbabwe ilibaki kumtazama kwenye runinga. Watu wa safu ya mbele ni adimu, na aliye adimu akionwa na jirani kwanza huondoka.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba kila ukanda upewe nafasi zake kwenye kikosi, kwa kuwa klabu nyingi za raga ziko Arusha na Dar es Salaam na sisi wa pembeni hatuonekani. Naielewa hasira iliyo ndani ya hoja hiyo, maana kutoka hapa hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400 na kijana anayeitwa kwenye mchujo analala kwenye basi, anafika miguu imevimba, anapimwa mbio asubuhi hiyo hiyo, kisha anaambiwa yuko chini ya kiwango. Hata hivyo siiungi mkono. Nafasi za timu ya taifa zikigawanywa kama mgao wa mahindi, tutarudi kulekule kwa kuchagua watu kwa sababu isiyo kazi yao uwanjani. Kinachotakiwa kugawanywa ni macho ya wateuzi. Wao ndio wasafiri. Waje Tanga wakae siku tatu, wamwone kijana akiwa amelala kwao na kula kwao, wamwone akicheza na wenzake waliomzoea, waende Moshi, waende Dodoma, kisha wachague wanaofaa hata kama kwa mwaka huo hakuna hata mmoja wa Tanga. Nitakubali orodha isiyo na mtu wetu ikiwa imeandikwa na mtu aliyekuja kuwaona.

Kuhusu idadi ya wateuzi sina maneno mengi. Wales kwa miaka mingi iliteua timu yake kwa jopo la watu watano lililojulikana kama Wakubwa Watano, na mataifa mengi baadaye yakampa kocha mkuu neno la mwisho. Naona kocha ndiye aamue, kwa kuwa ndiye atakayebeba matokeo, lakini awe na watu wawili au watatu walioko mikoani ambao anawaamini kiasi cha kupokea simu zao.

Ninalolitilia mkazo zaidi ni namna walioachwa wanavyoambiwa. Mwaka jana tulituma orodha ya majina sita kwenye kundi la simu saa nne usiku, bila neno lolote kwa wale 21. Wapo waliosoma orodha ile mara tatu wakidhani jina lao limerukwa kwa bahati mbaya. Wawili hawajarudi mazoezini tangu siku hiyo, na mmoja wao alikuwa loku mrefu kuliko wote tulionao. Kijana aliyeamka saa kumi alfajiri na kulipa nauli yake mwenyewe ana haki ya kuambiwa ana kwa ana kwamba hakuchaguliwa, ni kitu gani kilipungua, na anaweza kukifanyia kazi kwa njia gani. Ni mazungumzo ya dakika tano. Ninajua ni magumu, kwa sababu baadaye niliyafanya na kijana wa Deep Sea, nikiwa nimechelewa kwa miezi miwili.

Siku ile ya mashua nilimsubiri amalize kazi. Alinawa miguu kwa maji ya bahari, akaja tukakaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemkata, kwamba nilimpima kwa kazi ambayo si yake, na kwamba nilikuwa namwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, kazi yangu ni ipi?" Nikamwambia ni namba 2. Hakuwa anaijua. Nilimchorea mchangani kwa kijiti, duara tatu mbele, mbili nyuma yake, moja kila ubavu, moja mwisho, nikamwonesha duara la katikati. Alilitazama kwa muda mrefu, akauliza kama huyo wa katikati ndiye anayesema lini wasukume. Nikamwambia ndiye.

Tumeanza naye taratibu, maana shingo ya huka haijengwi kwa haraka na sikutaka kurudia papara ya mwaka jana kwa namna nyingine. Miezi mitatu ya kwanza hakusukumana na mtu. Alijifunza kujifunga na mapropu, kusimama, kuinama, na kuanguka salama skramu inapoporomoka. Kwa zana tunatumia toroli ya zamani tuliyoipakia mifuko ya mchanga na kuifunga magodoro mbele. Skramu ameishika upesi, kama nilivyotarajia. Kinachomsumbua ni kurusha mpira kwenye lainiauti, kwa sababu lazima upite katikati ya mistari miwili, umfikie mtu aliyeinuliwa juu, wakati uleule alipofika kileleni. Nimemchorea alama ya chokaa kwenye mnazi ulio nyuma ya kiwanja, mita tatu na nusu kutoka ardhini, na kila jioni akitoka sokoni hurusha mipira 60 kutoka umbali wa mita tano, kisha kumi, kisha kumi na tano. Mwezi uliopita kwa mita tano alikuwa anaipata alama mara 31. Jana alifika 44, na giza lilipoingia akaniomba nimmulikie kwa taa ya simu amalizie kumi za mbali.

Mchujo wetu ni mwezi ujao. Safari hii tumeomba siku mbili badala ya saa tatu, tumemwalika propu mstaafu kutoka Mombasa atusaidie kutazama safu ya mbele, na kwenye karatasi mpya ya majina nimepanga nafasi kuanzia 1 kushuka chini, mawinga wakiwa upande wa pili wa ukurasa.